Jinsi ya kuhamisha picha za diski za leza hadi dijitali bila kupoteza ubora wake

KITABU cha Domesday, ambacho makarani wa Mfalme William wa Kwanza walikiandika kwa wino juu ya ngozi za kondoo mnamo mwaka 1086, kingali kinasomeka nchini Uingereza. Lakini diski za video zilizoandaliwa mwaka 1986 kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho hazikuwa zimetimiza hata miaka 20 kabla ya wataalamu kuanza kuhangaika wakitafuta mitambo ya kuzichezea.

Mradi huo uliendeshwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shule, walichangia maandishi na picha kuhusu maisha ya kila siku katika vijiji na miji yao. Kazi yao ilihifadhiwa katika diski za leza. Aliyetaka kuitazama alihitaji mtambo maalumu wa kampuni ya Philips uliounganishwa na tarakilishi ya aina ya BBC Master. Mitambo hiyo ilichakaa, tarakilishi zikatupwa, na kufikia mwaka 2002 ikawa watu wanauliza hadharani iwapo jasho la wachangiaji hao wote lilikuwa limemwagika bure.

Kisa hicho ndicho mfano maarufu zaidi wa tatizo linalowakabili wote wenye diski za leza, ziwe ni za maktaba, za vyuo, za makavazi au za wakusanyaji filamu majumbani. Diski zinazeeka. Mitambo ya kuzichezea haitengenezwi tena. Njia iliyobaki ni kuzihamishia picha hizo katika faili za dijitali, na kufanya hivyo kwa namna ambayo haitamlazimu mtu kurudia kazi hiyo baadaye, wakati ambapo huenda diski yenyewe haitakuwa inasomeka.

Kanuni kuu ya kazi hii ni rahisi kuitaja na ngumu kuifuata. Hakuna kifaa kinachoweza kuiongezea picha jambo ambalo halimo katika diski. Kila kifaa kilichoko njiani, kuanzia leza hadi faili, kinaweza tu kupunguza. Anayehamisha picha vyema ni yule anayepunguza kidogo zaidi.

DISKI YA LEZA NI KITU GANI?

Diski ya leza ilianza kuuzwa nchini Marekani mnamo Desemba 1978, katika mji wa Atlanta. Wakati huo iliitwa DiscoVision, jina lililobuniwa na kampuni ya filamu ya MCA, na mtambo wake uliuzwa kwa nembo ya Magnavox. Baadaye kampuni ya Pioneer ya Japani ndiyo iliyoubeba mfumo huo mabegani kwa miaka mingi, hadi ilipotangaza Januari 2009 kwamba ilikuwa inakomesha utengenezaji wa mitambo yake.

Kwa umbo, diski hii inafanana na DVD iliyokuzwa hadi ukubwa wa santuri. Kipenyo chake ni sentimita 30. Ni sahani mbili za plastiki ya akriliki zilizogundishwa pamoja, kila moja ikiwa na utando mwembamba wa alumini unaorudisha mwanga wa leza. Kwa sababu hiyo diski ina pande mbili, na mtazamaji wa filamu ndefu hulazimika kuigeuza, au kuwa na mtambo unaoweza kusoma pande zote mbili wenyewe.

Kufanana na DVD kunaishia hapo. Wengi hudhani kwamba, maadamu inasomwa kwa leza, picha iliyomo ni ya dijitali. Sivyo. Vijishimo vilivyochongwa katika diski hii havina tarakimu za sufuri na moja. Urefu wake na nafasi kati ya kimoja na kingine hubadilika mfululizo kufuata mawimbi ya picha ya runinga ya zamani. Sauti ndiyo iliyokuja kuwekwa kwa dijitali katika miaka ya 1980, lakini picha ilibaki ya analogia hadi mwisho.

Diski hizi ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, iitwayo CAV, diski huzunguka kwa kasi isiyobadilika na kila mzunguko hubeba picha moja kamili. Upande mmoja huwa na picha 54,000 kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani, yaani dakika 30 tu. Katika aina ya pili, CLV, kasi hupungua kadiri leza inavyosogea kuelekea ukingoni, na upande mmoja huchukua dakika 60. Kwa mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na hata katika runinga za Kenya, muda huo ni mrefu zaidi kidogo, takriban dakika 36 kwa CAV.

KWA NINI ZINGALI NA THAMANI?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtu ajisumbue ilhali filamu nyingi zimetolewa upya kwa DVD na Blu-ray. Jibu ni kwamba si zote zilizotolewa upya, na baadhi ya zilizotolewa hazikubaki jinsi zilivyokuwa.

Mfano ulio wazi ni wa filamu za Star Wars. Mwaka 1997, George Lucas alizirejesha filamu tatu za kwanza katika majumba ya sinema zikiwa zimebadilishwa. Mwaka 2006, kampuni yake ilipoamua kuwauzia mashabiki DVD zenye matoleo ya awali, picha iliyotumika ilikuwa ile iliyoandaliwa kwa ajili ya diski za leza za mwaka 1993.

Aidha, diski za leza ndizo zilizoanzisha desturi ya kuweka maelezo ya wataalamu sambamba na filamu. Kampuni ya Criterion ilifanya hivyo mwaka 1984 ilipotoa filamu ya King Kong ya mwaka 1933. Zipo pia diski za mafunzo, za makavazi ya sanaa, za matamasha ya muziki na za karaoke ambazo hazikupata kutolewa kwa njia nyingine. Hizo zikioza, zimekwisha.

Ubora wake nao si wa kudharauliwa. Wakati kanda ya VHS hutoa uchanganuzi wa takriban mistari 240 kwa upana wa picha, diski ya leza hufikia takriban 425. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea upesi mikononi mwa mtu asiyejua anachokifanya.

KAGUA NA KUSAFISHA DISKI

Kazi huanza kabla ya umeme kuwashwa. Shikilia diski kwa kingo, iinamishe chini ya taa, kisha itazame pande zote mbili. Mikwaruzo myepesi si tatizo kubwa, kwa kuwa leza hulenga utando wa ndani na kuuruka uso wa juu. Vumbi na alama za vidole huleta madhara zaidi, kwa sababu hupunguza mwanga unaorudi kwa leza.

Ondoa vumbi kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Uchafu ulioganda uoshwe kwa maji yaliyotiwa sabuni nyepesi kidogo, kisha suuza kwa maji safi na kukausha. Pangusa kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe usizungushe mkono kufuata duara. Epuka vimiminika vikali, vikiwemo alkoholi na dawa za kusafisha vioo, kwani akriliki hupata nyufa ndogo ndogo inapoguswa navyo.

Ugonjwa usio na dawa ni ule ambao wakusanyaji huuita uozo wa leza. Hewa na unyevu hupenya kupitia gundi, au gundi yenyewe huushambulia utando wa alumini, nao huanza kuoza. Katika picha, dalili yake ni vidoa vinavyometameta, ambavyo huzidi kadiri miaka inavyopita hadi picha inafunikwa kabisa. Tatizo hili hutofautiana kulingana na kiwanda: kuna diski za zamani sana zilizo salama na nyingine changa zilizokwisha kuharibika.

Kwa sababu hiyo, mwenye diski nyingi asianze na ile aipendayo zaidi. Na aanze na ile inayoonyesha dalili za kuoza, kwa maana nyingine zinaweza kusubiri na hiyo haiwezi. Zinazosubiri zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mahali pakavu pasipo na joto, ili zisipinde.

UTEUZI WA MTAMBO

Tofauti kati ya mtambo mmoja na mwingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya vifaa vingine vyote vitakavyofuata. Mitambo ya kwanza ilitumia mirija ya leza ya gesi ya heliamu na neoni. Iliyofuata katika miaka ya 1980 ilitumia leza ndogo za vifaa vya elektroniki. Miongoni mwa wataalamu, mitambo ya Pioneer iliyouzwa Japani katika miaka ya 1990, hasa HLD-X9 na HLD-X0, ndiyo inayosifiwa zaidi, lakini ni adimu na bei yake ni ghali mno. Kwa diski za PAL, mitambo ya Pioneer iliyouzwa Ulaya na inayosoma mifumo yote miwili, mathalan CLD-D925, hutafutwa sana.

Muhimu kuliko nembo ni hali ya mtambo wenyewe. Leza iliyochoka au iliyoelekezwa vibaya huleta chembechembe katika picha na kuifanya picha ya mzunguko wa jirani ijipenyeze kama kivuli. Kabla ya kuilaumu diski, ijaribu katika mtambo wa pili. Iwapo vidoa vinatokea mahali pale pale, kosa ni la diski. Vikihama, kosa ni la mtambo.

Mitambo mingi ya baadaye ina kitufe cha kupunguza chembechembe kwa njia ya dijitali. Kizime. Kifaa hicho hulinganisha picha zinazofuatana na kuzichanganya, hivyo kitu kinachosogea huacha mkia nyuma yake. Kazi ya aina hiyo, ikiwa ni ya lazima, hufanywa baadaye katika tarakilishi juu ya nakala, si juu ya asili.

KUTENGANISHA RANGI NA MWANGAZA

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo ubora mwingi hupotea.

Runinga za zamani zilibeba picha katika wimbi moja lililochanganya mambo mawili: mwangaza, ambao ndio umbo la picha yenye weusi na weupe, na rangi, ambayo ilifumwa ndani ya wimbi hilo hilo ili runinga zisizo na rangi zisitatizike. Diski ya leza imebeba mchanganyiko huo huo. Ili picha ionekane, lazima mahali fulani njiani pawe na kitenganishi cha kuvichambua viwili hivyo.

Kitenganishi duni hukosea namna mbili. Kwanza, hudhani kuwa rangi ni sehemu ya umbo, na vitone vidogo huanza kutambaa kandokando ya vitu vyenye rangi kali. Pili, hudhani kuwa umbo ni rangi, na koti lenye mistari myembamba huanza kumeremeta rangi za upinde wa mvua. Aliyewahi kumtazama mtangazaji wa habari akiwa amevaa tai ya mistari katika runinga ya zamani anaelewa jambo hili.

Kanuni ni kwamba utenganishaji ufanywe mara moja tu, na ufanywe na kifaa bora kuliko vyote ulivyo navyo. Watu wengi wanapoona tundu la S-Video nyuma ya mtambo hulikimbilia, wakiamini kwamba ni bora kuliko lile la rangi ya manjano. Kwa kanda za S-VHS imani hiyo ni sahihi, kwa sababu kanda hizo huhifadhi mwangaza na rangi kando kando. Kwa diski za leza si lazima iwe hivyo. Kutumia S-Video kuna maana moja tu: umekubali kitenganishi kilichomo ndani ya mtambo. Iwapo mtambo ni wa miaka ya 1980 na kifaa chako cha kunasia ni cha kisasa chenye kitenganishi kizuri, tundu la manjano litakupa picha safi zaidi.

Vitenganishi bora hulinganisha mstari mmoja na mingine ya jirani, na vile vile picha moja na inayofuata. Mahali ambapo picha imetulia, utenganishaji huwa karibu kamili. Mahali penye mwendo, kifaa hurejelea mistari ya picha moja peke yake. Namna ya kuamua ni kujaribu: nasa dakika moja ile ile kwa njia zote mbili, kisha simamisha picha na kuzilinganisha palipo na maandishi ya rangi au nguo yenye mistari.

MUDA NA VIWANGO VYA MWANGAZA

Mota inayozungusha diski haiwezi kuwa timamu kabisa. Hitilafu ndogo ya kasi huifanya mistari ya picha ianze mapema au kuchelewa, na mihimili iliyonyooka ikaonekana kuyumba. Mitambo mizuri ina kisawazishi cha muda ndani yake. Pale ambapo hakipo au hakitoshi, kifaa cha nje cha kusawazisha hufaa, na faida yake nyingine ni kuizuia tarakilishi isiziruke baadhi ya picha.

Jambo la pili ni viwango vya weusi na weupe. Katika NTSC ya Marekani, weusi kamili huwekwa kwenye asilimia 7.5 ya kipimo cha wimbi, ilhali Japani huwekwa kwenye sufuri. Anayenasa diski ya Japani kwa vipimo vya Marekani atapata picha ambayo vivuli vyake vimezama. Akifanya kinyume chake, weusi utakuwa wa kijivujivu kama moshi.

Katika faili ya dijitali ya biti nane, weusi huwekwa kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Nafasi iliyoachwa juu na chini ni akiba ya mawimbi yanayovuka mpaka. Programu za kunasia huwa na grafu inayoonyesha viwango hivi. Itumie, usiyaamini macho peke yake. Diski za vipimo, kama vile Video Essentials, zina mihimili ya rangi na ngazi za kijivu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Iwapo kifaa cha kunasia hupandisha na kushusha mwangaza chenyewe, zima uwezo huo. Weupe uliokatwa wakati wa kunasa hauwezi kurejeshwa na programu yoyote.

NASA KILA KITU, BANA BAADAYE

Kipimo cha kimataifa cha video ya kawaida ya dijitali ni pikseli 720 kwa 480 kwa NTSC, na 720 kwa 576 kwa PAL. Hicho kinatosha kwa picha iliyokwisha kutenganishwa. Kunasa kwa ukubwa wa juu hakuongezi undani. Huongeza uzito wa faili tu.

Faili ya aina hiyo ya NTSC isiyobanwa huchukua takriban gigabaiti 75 kwa saa moja. Miaka 20 iliyopita kiasi hicho kiliwatisha wengi, wakaamua kunasa moja kwa moja kwa ubanaji wa DVD. Leo wanajuta. Chembechembe za analogia huusumbua ubanaji wa namna hiyo, nao huzigeuza kuwa vijisanduku, hasa katika moshi, maji na giza.

Tumia ubanaji usiopoteza chochote. Mfumo wa FFV1, unaotumiwa na hifadhi nyingi za kumbukumbu na uliochapishwa rasmi kama RFC 9043 mwaka 2021, hupunguza uzito wa faili huku ukiirejesha kila pikseli jinsi ilivyokuwa. Faili hiyo iwe ndiyo asili yako mpya. Kutoka kwayo unaweza kutengeneza nakala ndogo za kutazama katika simu au runinga, na kesho ukipata njia bora ya kubana, utarudi kwenye asili bila kuigusa diski tena.

USIICHANGANYE MISTARI YA ZAMU

Picha ya runinga ya zamani haikuchorwa kwa mkupuo mmoja. Ilichorwa mistari ya namba witiri kwanza, kisha ya namba shufwa, kila nusu ikiwakilisha dakika tofauti ya tukio, ingawa dakika hiyo ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Tarakilishi huonyesha nusu hizo mbili kwa pamoja, na kitu kinachosogea huonekana kama kimechanwa kwa kitana.

Wengi hukimbilia kuiondoa kasoro hiyo wakati wa kunasa. Hilo ni kosa. Hifadhi asili ikiwa na mistari yake ya zamu, kisha ushughulikie nakala.

Kwa filamu za sinema, kazi hii huwa na matokeo mazuri mno. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Ili zitoshe katika NTSC, ambayo huhitaji takriban nusu-picha 60, kila picha ya filamu ilirudiwa mara mbili, na inayofuata mara tatu, kwa zamu. Programu nzuri huweza kuutambua mpangilio huo, ikaondoa marudio na kukurudishia picha 24 zilizokuwa katika filamu yenyewe. Katika PAL, filamu iliharakishwa kwa takriban asilimia nne hadi picha 25, na hapo kinachohitajika kwa kawaida ni kuziunganisha nusu mbili tu.

Kwa matamasha na michezo iliyorekodiwa kwa kamera za runinga, kila nusu-picha ni tukio jipya. Hapo nakala ya kutazama itengenezwe kuwa picha 50 au takriban 60 kwa sekunde, ili mwendo usikatikekatike.

SAUTI ISISAHAULIKE

Sauti ya dijitali ya diski ya leza ni ya kipimo kile kile cha CD: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Ichukue kwa waya wa dijitali, usiipitishe katika analogia. Wakati huo huo, kumbuka kwamba diski za NTSC zina pia njia mbili za sauti ya analogia, na mara nyingi humo ndimo yalimowekwa maelezo ya wataalamu au sauti ya lugha nyingine. Kuanzia mwaka 1995, baadhi ya diski ziliitumia njia moja ya analogia kubebea sauti ya Dolby ya mikondo mingi, ambayo huhitaji kifaa maalumu cha kuisoma. Soma jalada la diski kabla ya kuamua kuwa umemaliza.

NJIA MPYA: KUNASA WIMBI KUTOKA KWA LEZA

Yote yaliyotangulia yanahusu kuunganisha mtambo na tarakilishi kwa njia ya kawaida. Katika miaka ya 2010, wapenzi wa diski hizi walianza kutumia njia nyingine ambayo leo ndiyo inayotoa picha bora kuliko zote.

Badala ya kungoja mtambo uitengeneze picha, wao huunganisha waya ndani ya mtambo, mahali ambapo wimbi linatoka tu kwa leza. Wimbi hilo, ambalo katika NTSC huenda kati ya takriban megahezi 7.6 na 9.3 kwa upande wa picha, hunaswa kwa sampuli milioni 40 kwa sekunde. Kifaa kilichobuniwa kwa kazi hiyo kinaitwa Domesday Duplicator, jina lililotokana na mradi ule ule wa BBC wa mwaka 1986. Michoro yake iko wazi kwa yeyote atakaye kukiunda. Programu iitwayo ld-decode, isiyolipiwa, ndiyo hufanya kazi yote iliyokuwa ikifanywa na vyuma: kusawazisha muda, kuziba mapengo na kutenganisha rangi.

Faida yake ni kubwa. Tarakilishi haina haraka; inaweza kutumia saa kadhaa kuchambua dakika chache. Programu ikiboreshwa mwaka ujao, wimbi lile lile lililohifadhiwa litachambuliwa upya na kutoa picha nzuri zaidi. Isitoshe, mwenye nakala tatu au zaidi za diski moja anaweza kuzinasa zote, na programu ikalinganisha picha kwa picha. Doa lililoko katika nakala moja haliko mahali pale pale katika nyingine, hivyo huzibwa kwa picha halisi na wala si kwa kubahatisha.

Gharama yake ni nafasi na ujuzi. Saa moja ya wimbi, hata biti zake kumi zikipangwa kwa kubanana, hufikia takriban gigabaiti 180. Aidha, ni lazima kuufungua mtambo, jambo ambalo asiye fundi wa elektroniki asilijaribu peke yake, kwa sababu ndani mna umeme wa kuua na leza inayoweza kudhuru macho.

KANDA ZETU NAZO

Wakenya walio wengi hawajawahi kuishika diski ya leza. Walicho nacho ni kanda za VHS: harusi ya wazazi, mahafali, hotuba ya marehemu babu, kwaya ya kanisa au maulidi ya mwaka fulani. Kanda hizo hazina nakala ya pili popote duniani.

Kanuni ni zile zile. Safisha kwanza, tumia mtambo bora unaoweza kuupata, rekebisha muda, usikate weupe, nasa bila kubana na hifadhi mistari ya zamu. Hata njia ya kunasa wimbi ghafi imekwisha kuhamishiwa kanda za VHS kwa programu iitwayo vhs-decode, iliyotokana na ile ya diski. Tofauti kubwa ni kwamba kanda hugusana na kichwa cha mtambo kila inapochezwa, na kwa hivyo huchakaa. Usiicheze mara kumi ukijaribu vipimo. Fanya majaribio kwa kanda usiyoihitaji.

Ikumbukwe pia kwamba kumiliki diski au kanda ya filamu si kumiliki filamu. Kuuza au kusambaza nakala bila idhini ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

FUNZO LA DOMESDAY

Je, diski za BBC ziliishia wapi? Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds nchini Uingereza na Michigan nchini Marekani walifaulu, kufikia mwaka 2002, kuunda programu iliyoigiza tarakilishi ya zamani. Kisha mwaka 2003, picha zilihamishwa hadi dijitali, si kutoka katika diski, bali kutoka katika kanda za awali za upana wa inchi moja zilizokuwa zimetumiwa kuzitengenezea diski. Ubora wake ulikuwa wa juu zaidi, kwa sababu ile ile iliyotajwa mwanzoni: kadiri unavyokaribia chanzo, ndivyo kinachopungua kinavyokuwa kidogo.

Mwaka 2011, BBC ilifungua tovuti iliyowawezesha wananchi kuyaona tena yale waliyoyaandika wakiwa watoto. Lakini mwaka 2018 tovuti hiyo nayo ilifungwa, na nakala yake ikabaki katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza.

Kwa hivyo aliyemaliza kuhamisha diski zake asidhani kuwa amemaliza kazi. Aweke nakala tatu za faili, angalau moja ikiwa mbali na nyumbani, na kila baada ya miaka michache azifungue kuhakikisha kwamba zingali zinasomeka. Ngozi ya kondoo ilidumu miaka zaidi ya 900 ikiwa imefungiwa tu ndani ya sanduku. Faili ya dijitali haina uvumilivu huo. Huishi maadamu yupo mtu anayeijulia hali.